Jiko Chini ya Mtungi

"Huyo akifanikiwa kutengeneza baridi hapa Musoma, mimi nitafuga samaki zizini." Hayo aliyasema jirani yetu wa Butiama niliporudi kutoka Dar es Salaam na stashahada yangu ya majokofu. Watu walicheka. Mimi nilikopa ng'ombe: wawili kwa baba mdogo, mmoja kwa shangazi wa Bunda. Niliwauza, nikanunua mashine, nikajenga chumba cha baridi mtaa wa Kamunyonge, mjini Musoma, kwa mikono hii. Kwetu ng'ombe wa kukopa hulipwa kwa ng'ombe.

Siku ya kujaza gesi, sangara wa wavuvi wa Kiriba walikuwa tayari ndani. Baba mdogo naye alikuja. Kuwalinda ng'ombe wake waliogeuka mashine, alisema. Nilifungua mtungi wa gesi, nikaenda kukagua mabomba. Niliporudi nilinusa mkaa.

Gesi ya majokofu hukaa mtungini ikiwa kimiminika. Ikitoka, kimiminika huchemka na kunyonya joto la chuma, hata mtungi huota barafu kwa nje. Mzee alipoiona barafu akadhani mtungi unakufa kwa baridi. Ndama akizaliwa usiku wa mvua, kwetu huwashiwa moto. Akausogezea mtungi jiko la mkaa.

Mshale wa geji ya kupimia mgandamizo ulikuwa umefika kwenye nyekundu, na bado unapanda. Gesi ikipata moto hutaka nafasi, na chuma hakitoi nafasi.

"Baba mdogo, toka nje. Taratibu."

"Nilikuwaga nafufua ndama hivi hivi wewe hujazaliwa."

"Ndama hapasuki, baba."

Akatoka, bila kubisha tena. Nililivuta jiko kwa nondo. Ningeiachia gesi hewani, samaki wa watu wangeoza na ng'ombe wale wangekuwa wamepotea. Ningeibakiza, mtungi ungeweza kupasuka mbele yangu. Fundi mwingine angekimbia. Mimi nilichota maji ya ziwa kwenye pipa, nikaumwagia mtungi ndoo baada ya ndoo, macho kwenye geji. Mshale ukasimama. Ukakaa palepale muda mrefu. Kisha ukaanza kushuka, nami nikamalizia kujaza gesi na kuwasha mashine.

Kesho yake sangara walikuwa wagumu kama magogo, na wavuvi hawakuacha kuleta wengine.

Nilipopata uwezo nilimpelekea shangazi mtamba wake Bunda, nikaendelea na wawili hadi Butiama. Baba mdogo aliwakagua kwato, akawafunua meno.

"Kuna mwingine anakudai?"

"Hakuna, baba."

Akawaingiza zizini, akapanga miti ya mlango, akaniambia ugali unapoa.