Chupa Mbili, Nusu kwa Nusu

Fundi Springi alikuwa fundi makochi, na kabla mambo ya chupa hayajamkuta, hakuna mtu mtaani aliyekuwa na la kusema juu yake isipokuwa misumari. Alikuwa na mazoea ya kuweka ile misumari midogo mdomoni, ishirini au thelathini kwa pamoja, akiisukuma mmoja mmoja kwa ulimi huku nyundo inakwenda. Ukimsalimia asubuhi, alikujibu kwa nyusi. Wenye duka la jirani walisema siku akipiga chafya, mtaa mzima ulale chini.

Karakana yake ilikuwa chumba kimoja chenye mlango wa mabati, harufu ya gundi, na makochi yaliyovuliwa nguo yakisubiri kuvishwa. Alikuwa na namna yake ya kufanya kazi. Ukimletea kochi la watu wawili, upande mmoja sponji bado nzima na upande wa pili imelala kama chapati, mafundi wengine wangebadilisha ule uliolala wakakwambia nenda. Yeye hapana. Alizipasua sponji zote mbili kwa kisu, akapanga nusu nzima juu ya nusu chakavu, huku na huku.

"Kochi likiinama upande," alikuwa akisema, "wageni wawili hawawezi kukaa wakaongea. Mmoja atakuwa anamwangukia mwenzake."

Kwa kochi, maneno hayo yalikuwa na akili. Basi akayachukua na kwenda nayo mahali pengine.

Alikuwa na binti mmoja wa miaka minane, mtaani wakimwita Kidoti kwa ajili ya alama iliyokuwa shavuni. Mama yake aliondoka mwaka mtoto alipoanza kutembea. Alisema anakwenda kuwaona ndugu zake, na mpaka leo anawaona. Fundi mwenyewe kwao alizaliwa peke yake, hana kaka wala dada. Kwa hiyo nyumba ilikuwa ya watu wawili, na walielewana vizuri, mpaka Kidoti alipougua kifua. Kifua kilipona lakini kikaacha moyo umechoka. Akawa akipanda ngazi tatu anakaa. Miguu inavimba, ukibonyeza kwa kidole shimo linabaki. Chakula vijiko viwili, amemaliza. Kulala chali hawezi, anasema anazama. Fundi akamchongea mto wa sponji ulioinuka kama mteremko, akauvisha kitambaa bora kuliko vyote alivyokuwa navyo, na mtoto akalala juu yake nusu amekaa.

Hospitali wakampa dawa za kutoa maji mwilini na nyingine za kuusaidia moyo. Ndipo siku moja Daktari wa moyo wa watoto, mwanamke mfupi mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni, akamwita ofisini kumweleza habari za utafiti.

"Kuna dawa mpya," alisema. "Kwa watu wazima tunaijua. Kwa watoto bado, na moyo wa mtoto si moyo wa mtu mzima uliopunguzwa. Kwa hiyo watoto wengine watapata chupa yenye dawa, wengine watapata chupa inayofanana nayo kwa rangi na kwa uchungu, lakini ndani hamna kitu. Dawa zake za kawaida anaendelea nazo vilevile."

"Na wangu atapata ipi?"

"Sijui. Sista hajui. Wewe hutajua. Chupa zina namba tu, na maana ya namba imefungiwa mbali."

"Sasa Daktari, si mngewapa wote ile yenye dawa, mambo yakaisha?"

"Tukiwapa wote hatutajua kama ni dawa iliyowasaidia au ni kitu kingine. Nakuomba jambo moja tu, Fundi. Anachopewa mtoto wako anywe yeye, chote, asubuhi na jioni. Nikikuamini wewe, watoto ambao hata hawajazaliwa wataniamini mimi."

Fundi akaelewa, akatia saini.

Kliniki ilikuwa kila Jumatano ya pili. Sista aliwapima watoto uzito, presha, kisha akachukua chupa na kupima kilichobaki ndani kwa bomba la plastiki, akaandika. Nje palikuwa na benchi refu la mbao, na kwenye benchi hilo ndipo Fundi alipompata dada.

Alikuwa mwalimu wa chekechea, watu wakimwita Ticha, mjane, mwenye mtoto wa kiume wa umri na uzito wa Kidoti. Mtoto huyo aliitwa Kamanda kwa sababu kila muuguzi akipita alimpigia saluti, hata akiwa hoi. Mara ya kwanza Ticha alimwambia Fundi, "Kaka, sogea kidogo, hili benchi hukulipanga wewe." Mara ya pili wakagawana maji ya kunywa. Mara ya tatu Kidoti alikuwa anamwita Ticha shangazi, na Kamanda anamwita Fundi mjomba, na hakuna aliyewafundisha. Jumapili Ticha akawa anapita na watoto wawili mkononi kuwapeleka kuona treni. Mtu aliyezaliwa peke yake akipata dada akiwa na miaka arobaini na tano, anampokea kwa mikono miwili. Fundi alimsimulia habari za mkewe, jambo ambalo hakumsimulia mtu yeyote.

Mwezi wa kwanza wa chupa, Kidoti akapata nafuu ya kuonekana. Miguu ikanywea, akamaliza sahani, akapanda ngazi zote na kushuka tena kwa makusudi. Kamanda alikuwa amepata homa mwezi huo huo, akazidi kupungua.

"Wako anapumua kama mtu," Ticha alisema pale bencheni. "Wangu anapumua kama anapuliza moto. Ndiyo hivyo, kaka. Wako kapata, wangu kakosa."

Hakulia. Alimvuta Kamanda soksi, akamvuta tena, soksi ambayo haikuwa imeshuka.

Fundi alirudi karakanani, akakuta kochi la watu wawili limefunguliwa mezani, sponji nzima huku, sponji iliyolala kule. Akashika kisu, akakiweka. Kisha akapiga simu.

"Dada, Jumamosi njoo na chupa yako."

Jumamosi mchana alifuta meza, akaweka jagi jipya. Akamimina chupa yake, Ticha akamimina ya kwake, wakakoroga, wakarudisha kwenye chupa mbili, wakizishika usawa wa macho mpaka zikalingana. Nusu kwa nusu. Kama moja ina kitu na nyingine haina, basi kila mtoto atapata nusu ya kitu.

"Unampunguzia wako kwa ajili ya wangu," Ticha alisema. "Sitasahau."

"Wako ni wa nani? Si ananiita mjomba?"

Wakafanya hivyo kila walipopewa chupa mpya, na kila mara kilichobaki kilipopimwa, hesabu ya Sista ilikaa sawasawa. Kamanda naye akaanza kupata nafuu, taratibu, kisha kwa kasi. Fundi alifurahi kama mtu aliyeshona kochi la mfalme.

Ila Kidoti akaanza kurudi nyuma. Ngazi tatu, anakaa. Shimo la kidole likarudi mguuni. Siku moja alikunywa dawa yake akalamba midomo.

"Baba, siku hizi dawa ni tamu."

"Umeizoea."

"Si kuizoea. Ni tamu."

"Basi mshukuru Mungu, wenzako wanakunywa chungu," Fundi akasema, akaingiza misumari mdomoni.

Daktari aliongeza dawa za kutoa maji, akakunja uso, akaandika. Fundi akajipa moyo: nusu ni nusu, mtoto atashuka kidogo kisha atatulia. Alipomwambia Ticha, naye alimtuliza. "Vumilia, kaka. Hata wangu alianza hivyo." Alimshika bega alipokuwa akisema.

Mwezi wa tatu tangu waanze kuchanganya, Kamanda alianguka. Alisimama kumpigia mlinzi saluti kwenye lango la hospitali, mkono ukafika kwenye paji la uso, na mwili ukashuka chini. Presha ilikuwa imeteremka hata mashine ikakataa kuisoma mara mbili. Wakamkimbiza ndani. Kesho yake saa nne asubuhi Fundi akapigiwa simu aende ofisini kwa Daktari.

Aliwakuta watatu: Daktari, Sista, na Ticha amekaa pembeni akiangalia mkoba wake.

"Mtoto amezinduka," Daktari alisema. "Ikitokea hatari tunaruhusiwa kufungua namba. Chupa yake ina dawa. Lakini kipimo tunachompa hakiwezi kumwangusha hivi, na figo zake zimeanza kulalamika. Nimemuuliza mama yake anampa kiasi gani. Ameniambia nikuulize wewe."

Fundi akamtazama Ticha.

"Yeye ndiye aliyenifundisha kuchanganya," Ticha alisema, bado akiuangalia mkoba. "Mimi nilikuwa nimekaa zangu na chupa yangu. Alinipigia simu."

Lilikuwa neno la kweli, na kwa kuwa ni la kweli Fundi hakupata pa kulishika. Akaeleza yote, jagi, meza, Jumamosi. Sista aliweka kalamu chini. Daktari alivua miwani, ikaning'inia kifuani.

"Nilikuomba jambo moja," alisema.

"Uliniomba."

"Hata hivyo hesabu haikai. Mngechanganya kwa haki, huyu mtoto asingepata zaidi ya kipimo chake. Alipata wapi ziada?"

Ticha akafungua mkoba, akaufunga, akaufungua tena, akatoa chupa ya sharubati ya kawaida, imejaa nusu, akaiweka mezani. Akaanza kusema kwa sauti ya darasani, ile ya kueleza jambo polepole.

"Baada ya kuchanganya mara mbili nilimwona anapanda. Nikasema, huenda hii yangu ndiyo yenye dawa tangu mwanzo, ni homa tu iliyomzuia. Sasa kwa nini niigawe? Nikawa naihamishia humu nyumbani. Kwenye chupa ya hospitali natia maji na sukari na kidonge kichungu nilichokisaga, ndiyo naleta karakanani."

"Na ile nusu ya Fundi?" Daktari akauliza.

"Nilimpa pia. Sikuwa na hakika ipi ni ipi. Nikampa zote."

Daktari alipiga simu fupi, akasoma namba ya Kidoti, akasikiliza, akaandika neno moja, akaigeuza karatasi Fundi alione.

"Na ya binti yako ina dawa," alisema. "Zote mbili zilikuwa na dawa. Kama msingefanya kitu chochote, wangekuwa wanacheza huko nje."

Fundi hakuwa mtu wa vitabu lakini kugawa alikujua. Kamanda moja na nusu. Kidoti nusu, na nusu nyingine sukari. Karibu miezi miwili. Alihesabu kwa vidole juu ya goti, akarudia, ikatoka vilevile. Akakumbuka mkono uliomshika bega: hata wangu alianza hivyo.

"Ulikuwa unamwona," alimwambia Ticha. "Jumapili ulikuwa unambeba mgongoni kwenye ngazi za daraja, kwa sababu hawezi. Ulikuwa unamwona."

"Nilimwona."

"Anakuita shangazi."

"Kaka, ungekuwa mimi ungefanyaje?"

Alilifikiria swali hilo kwa kweli, kwa kuwa alikuwa na tabia ya kujibu anachoulizwa.

"Sijui," akasema mwishowe. "Labda ningeiba. Lakini nisingekuja kwako Jumamosi nikakushikia chupa usawa wa macho."

Utafiti uliwatoa watoto wote wawili kwenye hesabu zake. Namba zao zilikuwa zimeharibika, haziwezi kumfaa mtu. Kilichomtisha Fundi hakikuwa hicho. Dawa ile haikuwa inauzwa mahali popote, ilitoka kwenye utafiti peke yake. Siku tisa alisubiri kamati ya utafiti ijibu kama Kidoti ataendelea kuipata, na siku hizo tisa hakupiga msumari hata mmoja. Jibu likaja: mtoto asiadhibiwe kwa kosa la wakubwa, aendelee. Ila chupa haitoki hospitalini. Atanywa mbele ya Sista, asubuhi na jioni, na baba yake asiiguse.

Basi ikawa hivyo. Kila siku alifika naye, akamfikisha mlangoni, akaambiwa, "Kaa pale, Fundi," akakaa. Hakuchukizwa na sharti lenyewe. Kilichomuuma ni kwamba Sista, aliyekuwa akimtania kuhusu misumari, sasa alimsalimia kwa nyusi.

Kamanda alikuwa bado amelazwa, dawa imesimamishwa mpaka figo zitulie, na hakuna aliyeweza kusema zitatulia lini. Ticha alishinda kwenye benchi lile lile, upande wa pili. Watu wawili wakaacha nafasi ya watu watano katikati. Siku ya kwanza alimsalimia. Siku ya pili alimsalimia. Fundi aliitikia kama unavyomwitikia mtu mliyepishana naye njiani, wala hakuacha hata siku moja kuitikia.

Wiki ya tatu, Kidoti alitoka kwa Sista akijifuta mdomo. Alikuwa ameongezeka, safari hii nyama, si maji. Akamwona Ticha, akageuka kumkimbilia, kisha akasimama, maana watoto husoma nyuso mapema kuliko herufi.

"Baba, kwani yule si shangazi yangu tena?"

Ticha alisikia. Aliinua kichwa.

"Nenda kamsalimie," Fundi alisema. "Yeye ni shangazi yako. Ni mimi tu ambaye sina dada."

Akatazama ukutani mpaka mtoto aliporudi.