Mama Alivyosali Ndani ya Lifti

Mwanzoni mwa miaka ya sabini, nilipokuwa karani mpya katikati ya jiji, mama alikuja kutoka nyumbani kwetu Riruta kuona ofisi yangu. Nilimpandisha lifti kwa majivuno. Kabla hatujafika juu stima ikapotea, lifti ikasimama kati ya ghorofa mbili, na giza likatufunika.

Nilibonyeza vitufe vyote, nikagonga mlango hadi ngumi zikauma. Hakuna aliyejibu. Joto lilizidi, nikahisi kuta zinanisogelea.

"Mungu, tutoe humu!" nikapiga kelele.

"Unaingia kwa Mungu hivyo, bila hata hodi?" mama akaniuliza. Nikamsikia akivua viatu na kupiga magoti. "Baba Mtukufu," akaanza polepole, "jina lako lisifiwe. Wewe ndiwe uliyeumba mwanga na giza."

Akamsifu kwa mvua iliyonyesha shambani, kwa pumzi, kwa kila mtoto aliyemjalia. Jasho likinitiririka, nilisubiri afike kwenye ombi. Hakufika. Lakini kadiri nilivyomsikiliza, hofu ilinipungua, hadi nami nikapiga magoti kando yake.

Stima iliporudi, lifti ilitikisika ikapanda, na mlango ukafunguka mbele ya wenzangu wa ofisini, sisi bado tumepiga magoti.

Jioni tukishuka kwa ngazi nilimuuliza, "Mama, mbona hukuomba tutolewe?"

"Nilikuwa sijamaliza kumsifu," akasema.