Jike la Farasi na Mbwa wa Ng'ambo

Mama mkwe wangu alikuwa na ulimi wa kukata nyama mbichi, na mwanawe, mume wangu, alikuwa mchinjaji. Kwa hiyo nyumbani kwetu visu havikukosekana. Niliolewa Arua nikitokea Koboko mwanzoni mwa miaka ya sabini, na siku ya kwanza mama huyo aliponikagua kuanzia unyayo hadi utosi, aliniuliza swali moja tu.

"Farasi, wewe naogopa?"

Nikajibu siogopi. Nilikuwa sijawahi kumwona farasi ila kwenye picha ya kalenda. Akacheka mpaka akashika kiuno.

"Arusi yangu najua kudanganya vizuri," akawaambia wanawake waliokuwapo. "Huyu atakaa."

Nikakaa kweli. Akaniita Arusi, yaani bibi harusi, tangu siku hiyo, hata nilipokwisha kuwa na watoto wanne na kiuno kimeshapotea.

Farasi mwenyewe alikuwa jike, mwekundu wa rangi ya udongo wetu, mwenye baraka ya kope ndefu. Baba mkwe alimnunua Sudan alikokuwa akifanya biashara ya ngozi, akamleta kwa miguu hadi Awindiri, mtaa wetu wa Arua. Mtaa mzima ulimwambia anajisumbua bure, farasi hawaishi kwetu, mbung'o watammaliza kabla ya mvua ya pili. Mvua zikaja, zikapita, farasi akaishi. Aliyekufa ni baba mkwe.

Tangu hapo mama mkwe alimlinda yule mnyama kama mboni ya jicho. Kila jioni alichoma mavi makavu ya ng'ombe kando ya banda ili moshi ufukuze nzi, na moshi ule uliingia jikoni kwangu bila hodi. Kukiwa na harusi alijifunga gurbaba zake mbili, zile shuka zilizotariziwa tunazovaa wanawake wa Kinubi, akapanda farasi kwa upande na kwenda mjini taratibu, huku wanaume wakisimama barabarani kumtazama. Petroli ilipoanza kuadimika, alizidi. Aliwapita waliokwama na magari yao, akawapa pole kwa sauti iliyowauma kuliko tusi. Nilikuwa namwogopa na nilikuwa nampenda, na sikuwahi kujua kipi kilitangulia.

Sasa nieleze habari ya chungu, maana balaa lote lilianzia hapo.

Siku ya arobaini ya baba mkwe tulipika wali wa watu wengi. Wakati wa dua, mbwa mmoja aliingia kwa nyuma, akatia kichwa ndani ya chungu kikubwa kuliko vyote. Kwetu mate ya mbwa ni najisi. Chombo alichokilamba huoshwa mara saba, ya kwanza kwa udongo, sita kwa maji. Wali ule wote ukamwagwa. Wazee walikasirika, wageni walikasirika, na mimi niliyekuwa mlangoni pa jiko niliangaliwa kama mwenye mbwa. Ndipo mtaa ukakata shauri: kuanzia leo mifupa, matumbo na makombo yote yatupwe mbali na nyumba, ili mbwa wasiwe na sababu ya kutukaribia. Likachimbwa shimo mwisho wa malisho yetu, chini kabisa, karibu na kijito. Mume wangu ndiye aliyelijaza kuliko wengine, kwa kazi yake. Tukapumua. Mbwa hawakuonekana tena majumbani, nasi tukajisifu kwa usafi.

Baadaye akapita mfanyabiashara kutoka Sudan na farasi dume, akakaa kwa jirani majuma kadhaa kuuguza mguu. Alipoondoka, jike letu lilikuwa na mimba. Mama mkwe aliliangalia tumbo lile likikua akawa mtu mpya. Alinong'ona nalo. Alinikataza kupiga kelele karibu na banda, ingawa kelele zote za nyumba ile zilikuwa zake. Usiku wa Ijumaa moja aliniambia jambo ambalo sikulitarajia kutoka kinywani mwake: kwamba marehemu alipokuwa akikata roho alimwambia anataka kusikia kwato ndogo uani, na kwamba yeye hana zawadi nyingine ya kumpelekea kaburini ila hilo tumbo.

Juma lile lile mbwa wakamshambulia farasi.

Tulisikia mlio ambao sikujua kwamba farasi anaweza kuutoa. Tulipofika kijitoni, mbwa wanne walikuwa wamemzunguka, na mmoja, jike la manjano lenye sikio moja lililokatika, amemshika mguu wa nyuma. Mama mkwe aliwaingia na kiatu mkononi. Walikimbilia ng'ambo ya kijito, kwa mwindaji mmoja mtu wa Ajia aliyehamia pale, ambaye mbwa ndio jembe lake na ndio bunduki yake. Farasi alitetemeka mpaka magharibi. Mguu ukavimba. Tulikaa tukisubiri kuona kama mimba itatoka.

Haikutoka, lakini siku chache baadaye mbwa wakamfukuza tena.

Mume wangu hakutaka maneno mengi. Alikuwa na binamu mwanajeshi, akamwita. Binamu akaja na gari la jeshi na bunduki, amevaa miwani ya jua, watoto wa mtaa wakajificha. Miaka ile familia zetu zilikuwa na wenye bunduki, na wa ng'ambo hawakuwa nao. Kila mtu alilijua hilo na hakuna aliyelitamka. Binamu alisema kwa furaha kwamba ni kazi ya dakika tano, atamaliza mbwa wote, na mwenye mbwa akifungua mdomo atamfunga yeye kamba.

Mama mkwe akamwekea kiti. Akamtilia chai. Akaketi mbele yake, magoti karibu yagusane.

"Mtoto yangu, kunywa."

"Mama, mimi hapana na wakati."

"Chai iko na wakati yake. Kunywa." Akamsubiri apige funda. "Sasa sikia. Bunduki nakuja kwa shamba yangu kutafuta mbwa. Mbwa nakimbia, naingia kwa nyumba ya mutu. Bunduki nafuata. Ndani iko bibi, iko watoto. Wewe naweza niambia itatoka na nani?"

Binamu akacheka, akamtazama mume wangu. Mume wangu akatazama kikombe.

"Wewe ulizaliwa kwa mikono yangu," mama akaendelea, kwa upole ule ule. "Kitovu yako mimi nalikata. Kama unataka kupiga kitu hapa, anza na mimi. Kama hapana, maliza chai, salimia mama yako."

Jasho lilimtoka yule kijana chini ya miwani. Akamaliza chai, akaondoka. Mimi niliyaona yote nikiwa nyuma ya pazia, na nasema wazi, sijapata kumwona mtu mwingine, mwanamume wala mwanamke, akimrudisha mwenye bunduki kwa kikombe cha chai katika miaka ile.

Lakini mbwa walikuwa bado wapo, na tumbo lilikuwa linashuka. Asubuhi iliyofuata mama alichukua kigoda chake na birika, akaenda kukaa katikati ya malisho peke yake. Tulidhani amechanganyikiwa. Jua lilipokuwa kali alirudi, amekunja uso, akamwita mwanawe.

"Ile mbwa hapana nafuata farasi," akasema. "Nafuata shimo. Inakuja, inakula mifupa yako. Farasi nashuka kunywa maji, mbwa nafikiri huyu nakuja kunyang'anya chakula. Ndiyo vita naanza. Sisi nalifukuza mbwa kwa chungu, tukaiwekea sahani kwa miguu ya farasi."

Kikulacho ki nguoni mwako, na chetu kilikuwa kimevaa kanzu nyeupe ya usafi. Hakuna mtu wa dini nyingine ambaye angefanya kosa lile. Wangemwachia mbwa mfupa mlangoni, basi.

Alasiri akanichukua tuvuke kijito. Njiani nilimuuliza atasema nini. Akasema nikinyamaza nitasikia.

Ua wa mwindaji ulikuwa kimya kupita kiasi. Alikuwa amepata habari za gari la jeshi, akawafungia mbwa ndani ya nyumba pamoja na watoto wake. Alisimama mlangoni, mtu mrefu, mikono imeachana na mwili ili ionekane ni mitupu. Kando yake alikuwa amefunga mbuzi, tayari, wa kulipia kosa. Mkewe alikuwa akilia bila sauti. Nikaelewa sisi wanawake wawili tulikuwa tunaonekanaje kutoka pale walipokuwa wamesimama, na nikaona aibu kubwa.

"Mama," akasema yule bwana, "mbuzi ni huyu. Mbwa nitaua mwenyewe. Usiite watu."

"Rudisha mbuzi yako," mama akamwambia. "Mimi nakuja kuomba msamaha."

Nadhani yule mtu hakuamini masikio yake. Mama akaketi chini, juu ya mkeka wao, akamweleza habari ya chungu na habari ya shimo, bila kujipunguzia hata kidogo. Akasema shimo litafukiwa kesho. Akasema mifupa na makombo ya mchinjaji yataletwa hapa, kwake, kila asubuhi, ili mbwa wapate kula nyumbani kwao kama mbwa wenye heshima. Yeye akaomba mambo mawili tu: wafungwe kamba mpaka farasi azae, na baadaye wavae zile kengele za mbao za kuwindia, ili farasi awasikie wakiwa mbali asishtuke.

Katikati ya maneno hayo mlango ukasukumwa kwa ndani, na lile jike la manjano lenye sikio lililokatika likatoka. Likaja moja kwa moja hadi kwenye mkeka. Likamlamba mama mkwe mkono, kiganja chote, mpaka katikati ya vidole.

Mwindaji akaganda. Alikuwa anajua sana tunavyowachukia mbwa. Mimi nilifumba macho.

Mama hakuuvuta mkono. Hakuupangusa. Aliuacha pale pale kwenye goti, akamaliza habari ya kengele, akauliza watoto ni wangapi, akamsifia mama mwenye nyumba kwa uwanja wake uliofagiliwa, akaaga kama anavyoaga mtu aliyeandaliwa vizuri. Tulipofika kijitoni na kuhakikisha hatuonekani, ndipo alipoinama akachota udongo, akasugua, kisha akanawa sita, akihesabu kwa sauti na kulaani kwa Kinubi ukoo mzima wa mbwa tangu safina.

"Mbona hukuutoa mkono?" nikamuuliza.

"Mutu nalikuwa anaogopa sana, Arusi. Ningetoa, angefikiri iko bado hasira."

Nani alipewa kazi ya kubeba kikapu cha mifupa kila asubuhi? Mimi, bila shaka. Mume wangu alilalamika kwamba watu watasema mchinjaji anafuga mbwa. Mama akamwambia acha waseme, wao wakisema, farasi analala. Na kweli alilala. Mtoto alizaliwa asubuhi moja ya ukungu, dume, miguu mirefu isiyojua kazi yake. Mama alikaa chini kwenye matope na gurbaba yake nzuri, akasikiliza kwato zile ndogo zikigonga uani, akalia waziwazi mbele yetu sote. Mwindaji alikuja kutazama. Aliwaacha mbwa nyumbani bila kuambiwa.

Miaka ikapita kwa kikapu na kengele. Kisha ukaja mwaka wa sabini na tisa, vita vikapanda kuja kwetu, na watu wa mtaa wetu, kwa sababu ya wale wenye bunduki wa familia zetu, wakawa ndio wanaotafutwa. Wenye magari walikuwa wamekwisha kuondoka. Yule mtoto dume wa farasi tulikwisha kumuuza. Tulibaki sisi, watoto, na yule farasi jike, mzee sasa.

Alfajiri ikagongwa kengele ya mbao mlangoni. Mwindaji alikuwa amekuja na mbwa wake. Barabara haifai, akasema, tumfuate yeye, anazo njia za kuwindia. Mama mkwe akapandishwa juu ya farasi na mjukuu mbele na mwingine nyuma, na siku nzima tukatembea nyasini kuelekea Kongo, mbwa wakitangulia. Walipotulia, tulipita. Waliposimama masikio juu, tulilala chini. Yule farasi aliyewahi kulia kwa hofu aliifuata sauti ya kengele zao bila kuvutwa kamba.

Mpakani mwindaji akasema yeye anarudi kwa watoto wake. Mama akashuka ili amuage kwa miguu. Walishikana mikono muda mrefu. Jike la manjano, nusu kipofu sasa, likaja likamlamba kiganja kama siku ile.

Tulikuwa na kidumu kimoja cha maji, nacho kilikuwa cha watoto. Mama aliutazama mkono wake. Akainama, akachota udongo wa upande wetu, akausugua pole pole mpaka kifundoni.

"Ya udongo imeisha," akaniambia, akinyoosha mguu apandishwe. "Arusi, twende. Sita zingine nitanawa Kongo."