Pampu ya Owor

Owor wa Mulanda alikuwa mtu wa maneno machache, isipokuwa umuulize habari za pampu. Hapo ungejuta. Angechora kwa kijiti mavumbini mbele ya duka letu mpaka chai ipoe, na marehemu mume wangu Swaliki angeniangalia kwa jicho la kusema, ni wewe uliyemuuliza.

Ufundi aliupata Kitale, kwenye shamba la mzungu, miaka ya baada ya vita. Aliporudi nyumbani akamwoa Awor, binti mcheshi aliyenizoea hata akaniachia ufunguo wa nyumba yake. Wakulima wa pamba walipochanga na kununua trekta ndogo ya kijivu, wakamkabidhi yeye. Kila mtu aliishangaa. Plau haikuinuliwa kwa mkono. Ilijiinua yenyewe kwa nguvu ya mafuta. Wazee walisema ni uchawi, na Owor akakasirika kweli.

"Si uchawi, ni pampu," alisema. "Iko tumboni, ndani ya giaboksi. Mafuta yanayolainisha gia ndiyo hayo hayo yanayoinua plau."

Ubaya ulikuwa hapo hapo. Ukitaka kuitoa pampu, sharti umwage mafuta yote, na trekta inakuwa jiwe. Na pampu ile ilikuwa na kasoro: ukizima injini plau ikiwa juu, ilishuka polepole mpaka chini. Owor aliiwekea plau gogo chini yake, lakini kasoro hiyo ilimkosesha usingizi. Mimi nilimwambia aache, gogo halina gharama. Hakunisikia.

Kwao, mtu akifa, hakuna anayelima mpaka azikwe. Jembe haligusi ardhi, wala plau. Kwa hiyo siku za msiba ndizo zilizokuwa siku za Owor za kufungua mashine, kwa kuwa hakuna ambaye angeiulizia. Mzee Oboth alipofariki, Owor alipitia dukani akanunua mafuta ya taa ya kuoshea vyuma.

"Mama Mahmudu, leo nafungua pampu. Nasugua vali, ile inayovujisha mafuta mpaka plau inashuka, ikae sawasawa."

"Na Awor, na tumbo lile?"

"Bado mwezi mzima," akasema, akacheka.

Mchana uchungu ukamshika Awor, na damu ikamtoka kwa wingi. Niliitwa, nikakimbia. Wakunga wawili walikuwa wameshamshika, nao wakaniambia damu haizuiliki. Hospitali ilikuwa Tororo. Trekta ile ilikuwa imeshawapeleka wagonjwa wengi huko kwa trela yake, na barabara iliijua vizuri. Sasa ilikuwa imesimama uani, tumbo wazi, mafuta yake kwenye karai, na vyuma vya pampu vimepangwa juu ya gunia.

Owor aliviangalia vile vyuma, kisha akamwangalia mkewe.

"Baba Odoi, fanya haraka," Awor alimwambia, akimwita kwa jina la mtoto wao wa kwanza. Hakumlaumu. Ninalikumbuka hilo kwa sababu mimi nilimlaumu, moyoni, na kwa sauti pia.

Wanaume wakambeba juu ya kitanda. Owor akabaki. "Nendeni, nitawapata njiani," alisema, na mikono yake ilikuwa tayari ndani ya mafuta. Angefanya nini kingine? Kumbeba, wengine wangeweza. Kuirudisha pampu, hakuna mwingine aliyejua. Nilitembea kando ya kitanda nikimshika Awor mkono. Kila tulipopumzika aliniuliza kama nasikia injini. Nilimwambia nasikia. Nilikuwa ninamdanganya.

Alifia njiani, kabla hatujalivuka bwawa la kuelekea Tororo, na mtoto tumboni. Tulishusha kitanda kando ya barabara, nikavua leso yangu nikamfunika. Muda si mrefu, injini ikasikika kweli. Owor alikuja kwa kasi, trela ikirukaruka nyuma. Alipoona leso, akazima injini pale pale, katikati ya barabara, akabaki amekaa juu ya kiti chake. Hakuna aliyemsogelea.

Alimrudisha nyumbani kwa trela ile ile.

Siku ya pili ya matanga, Emojong, aliyeshika trekta kwa zamu, akafunga plau ili iwe tayari baada ya maziko. Akaiinua isiguse ardhi, akazima injini, akaenda kutafuta gogo kama kawaida. Aliporudi nalo, plau ilikuwa juu vile vile. Akaliacha gogo pembeni.

Owor alitoka kwa waombolezaji akaja kukaa karibu na plau, nami nikamfuata na uji. Hakuugusa. Aliiangalia ile plau tangu asubuhi mpaka jua lilipogeuka.

"Haishuki," aliniambia. "Tazama, Mama Mahmudu. Haishuki hata kidogo."

Kisha akalia. Nilikuwa sijawahi kumwona mwanamume akilia vile, nami nikalia naye, maana maneno yangu ya siku ile yalikuwa yananichoma.

Aliishi miaka mingi baadaye, wala hakuoa tena. Kila msiba ulipotokea Mulanda, watu wengine walikwenda matangani. Owor alijaza trekta mafuta, akafunga trela, akaigeuza ielekee Tororo, akakaa kitini. Alikaa hapo mpaka maziko yaishe. Wanawake wenye mimba walipita wakamsalimia, naye akawauliza wanajisikiaje.