Krismasi Kwenye Makochi ya Wateja

Mtaa mzima ulimjua kwa jina la Mama Sponji, na mwenyewe hakulikataa, kwani ndilo lililomletea wateja. Alikuwa fundi wa makochi. Ukimpelekea kochi lililobonyea katikati kama sufuria kuukuu, atakurudishia likiwa limetuna kifua.

Mwaka huo Krismasi ilimkuta mfuko umetoboka. Mumewe, mlinzi wa ghala, alikuwa hajauona mshahara kwa miezi. Juu ya hayo, mama mkwe alituma salamu kwamba anakuja kula sikukuu kwao, yeye na wanawe wote na wajukuu. Kwao penyewe ni chumba na sebule, na kochi la nyumbani kwa fundi, kama ilivyo kawaida ya mafundi, lilikuwa halina mguu mmoja.

"Mpigie mama simu, mwambie tunaumwa," mumewe alisema.

"Sote?"

"Basi mimi peke yangu."

"Baba watoto, acha hizo. Watakuja, watakaa na watakula. Niachie mimi."

Siku ya mkesha aliwahi kufunga kazi. Akafagia karakana, akaokota misumari yote, akayapanga makochi ya wateja kwa mviringo: la kijani, la kahawia, na moja jekundu la watu watatu, ambalo aliliona kazi yake nzuri kuliko zote. Akayatandika mashuka safi. Vitambaa vilivyobaki akavishona mito midogo ya kuwapa watoto.

Kuhusu chakula hakuona haya. Alimpigia kila wifi na kila shemeji, akasema wazi: "Mwaka huu sina. Nina wali, kuku mmoja na mahali pa kukaa. Njoo na chochote ulicho nacho."

Mumewe alijifunika uso kwa mikono. Lakini wageni walipofika, hakuna aliyekuja mikono mitupu: huyu viazi, huyu kabichi, huyu ndizi, huyu soda. Yule kuku alikatwakatwa vipande vya kutafutwa kwa miwani, akapotelea kwenye mchuzi wa viazi, na kila mtu akajilamba vidole.

Mama mkwe, mwanamke mwenye mwili wa heshima, alilijaza kochi jekundu peke yake. Alikuwa ametulia na kikombe chake cha chai pale mlango ulipogongwa. Akaingia kinyozi wa ng'ambo ya barabara, mwenye kochi lile.

"Mama Sponji, nimeshukiwa na wageni ghafla, nimekuja kuchukua..." Akakwama. Alikuwa ameuona mkono wa kochi lake ukichungulia chini ya shuka.

Mume akaanza kutafuta mlango wa nyuma, ambao haukuwepo. Mama Sponji alifuta mikono, akasimama mbele ya kinyozi.

"Ni lako, na nimewakalisha wageni juu yake bila kukuomba. Hapo nimekosa, nisamehe. Lakini nimelitandika, na kazi imekwisha. Likague."

"Nitalikaguaje na mama yuko juu yake?"

"Kagua hivihivi!" mama mkwe akadakia, akajirusharusha palepale alipokaa. "Umesikia springi ikilia? Nimekaa hapa tangu asubuhi. Kochi lililonivumilia mimi, mwanangu, litakuzika."

Kinyozi alijaribu kukaza uso, ukamshinda. Alicheka mpaka akashika ukuta. Akapewa sahani, akala kwa kusimama huku akiulizia nani kapika mchuzi. Kisha mashemeji wakalibeba kochi mabegani, wakavuka nalo barabara, watoto wakifuata nyuma kwa vigelegele na mito yao kichwani.

Waliporudi, mama mkwe alikuwa ameshahamia kwenye lile la kijani. Alilikandakanda kwa kiganja, akakunja midomo.

"Hili gumu kidogo," alisema. "Lakini sikieni nyote. Mwaka ujao asiniite mtu kwake. Ni hapahapa."

Mama Sponji alimtupia mumewe jicho moja tu, kisha akaenda kuinjika birika jingine la chai.