Mama Saloon anataka kunyoa mutoto wangu

Admin, jina yangu ufiche, tafazali. Hapa Mubi, muji mudogo ya madini, habari inakimbia kupita pikipiki.

Mimi niko dada wa miaka makumi mbili na ine. Nina mutoto moja, wa kike, angali hana meno. Kwetu ni Masisi, kule kwenye milima. Vita njo ilituleta huku, mimi na mama yangu. Mama hakukawia. Maralia ilimubeba tungali tunalala kwa bantu. Mwenye alimuzika iko Mama mumoja mwenye saloon ya nywele hapa barabarani. Hatukuwa ndugu naye. Alitoa sanduku, akatoa kitenge ya kumufunika, kisha akanishika mukono: "Nyamaza kulia. Tangu leo weye ni mutoto wangu."

Nikakaa kwake. Alinifundisha kusuka, kutia defriza, ile dawa ya kunyoosha nywele, bila kuunguza kichwa ya muntu, kubandika kucha. Mupaka bibi za bakubwa ba madini bakaanza kuuliza: "Ule binti iko? Kama haiko, nitarudia kesho." Asubui mimi njo nilifungua mulango, mangaribi mimi njo nilifagia nywele. Alinilisha, alinivalisha. Kontra, mukataba ya kazi? Mutoto anaandikianaka kontra na mama yake?

Siku moja inspekteri wa kazi alikuja, muntu wa leta, wa serikali. Mama akasema mbio: "Hapa sina bakozi, bantu ba kazi, Papa. Huyu ni mutoto wa dada yangu." Inspekteri akaniangalia miye: "Ni kweli, dada?" Nikajibu: "Ndiyo, Papa. Ni mama mudogo wangu." Ilinitoka rahisi, sababu ndani ya roho sikuona ni uongo. Muntu amezika mama yako, utamuita patron, bosi wa kazi?

Kisha nikapata bwana, nikabeba mimba. Nilisuka mupaka miguu ikavimba. Nikazaa. Nilipopata nguvu, nikamufunga mutoto mugongoni, nikarudia kazi. Nikakuta binti mwingine amesimama nyuma ya kiti yangu, kitana yangu iko mu mukono yake.

"Mama iko wapi?"

"Ameenda soko."

"Na weye ni nani?"

"Mimi ni mutoto wa dada yake."

Weeh! Nilicheka. Haikuwa kicheko ya furaha, haikuwa ya kasirani. Ilitoka tu, vile muntu anakohoa. Tangu pale sisikii kitu. Nakula, sisikii chumvi. Mutoto akilia namupa ziwa, namutazama kama mutoto wa jirani. Ata machozi haiji. Bantu banasema niko na roho nguvu. Roho nguvu gani? Hakuna kitu mule ndani.

Mama aliporudia kutoka soko, alifurahi kweli. Akamubeba mutoto, akamuimbia. Nilipouliza juu ya kazi yangu akashangaa: "Sasa mutoto wangu, muke mwenye amezaa anakaa kwa bwana yake. Miye siko kampuni. Kazi ni kazi, familia ni familia, usichanganye." Bwana naye iko mu mashimo ya madini, siku hakupata kitu, tunalala bila kula. Mikono yangu njo chakula ya huyu mutoto. Nikazunguka saloon zingine. Bote jibu ni ile ile: "Siwezi kupa kazi binti wa Mama, atanikasirikia."

Basi nikaenda kuona inspekteri. Alinikumbuka. "Si weye njo uliniambia ni mama mudogo wako?" Nikaangalia chini. Ule Papa hakunitukana. Akasema pole pole: "Dada, kontra ata ya kinywa iko kontra. Muntu mwenye anakutumikia kila siku ni mukozi, ata umuite malaika. Na mukozi akizaa, sheria inamulindia nafasi yake. Juma-tatu nitafika kule. Nitakuuliza mbele ya bote: huyu Mama ni nani kwako? Ukisema ni patron, nitamulazimisha akurudishe, na ule binti mwingine pia amupe kontra. Ukisema tena ni familia, mimi sina kazi ndani ya familia ya bantu."

Nikaona mambo imeisha. Kumbe ilikuwa inaanza.

Kwetu, nywele ya kwanza ya mutoto inanyolewa na bibi yake, mama wa mama. Mama yangu iko mu udongo. Jana Mama Saloon akanitumia ule binti: "Mama anasema siku ya Mungu, kisha misa, umulete mutoto. Atamunyoa yeye mwenyewe. Wembe mupya iko, kuku iko, ameita majirani bote."

Nikamuuliza: "Anajua inspekteri anakuja kesho yake?"

"Dada, Mubi hii nani hajue?" Akasimama pale, anachezesha kandambili yake. Kisha akasema: "Na miye, utanisemea?"

Nilimupa maji ya kunywa, akaenda.

Mwenye amenyoa mutoto wako njo mama yako, mbele ya bantu na mbele ya bafu, bale balikufa. Kwetu mama hashitakiwe. Nikimupa, juma-tatu sitakuwa na kinywa, na ule binti naye siku moja atazaa, atakuta mwingine na kitana yake. Nikimunyima, nimemutupa mbele ya majirani muntu mwenye alimufunika mama yangu na kitenge yake, na mutoto huyu hatakuwa na bibi duniani. Sijui kama ule wembe ni upendo ao ni akili. Labda Mama mwenyewe hajui.

Leo ni ijumaa. Mutoto analala hapa kando yangu. Nywele yake ni nyingi, laini, ingali ile ya tumboni. Nimeitia mafuta, sababu mikono imezoea.

Ninyi bote munasoma hapa, bamama kwanza, musinitukane, munijibu tu: siku ya Mungu nimupe Mama kichwa ya mutoto wangu, ao nimunyime?