Magokoro na Maswali ya Ufahamu

Enzi zetu, wenzangu mliosomea milima hii ya Nyamira, kitabu kimoja cha Kiswahili kilikuwa cha watoto watano. Aliyekaa katikati ndiye aliyekishika, waliokaa pembeni walirefusha shingo, na ukipiga chafya wakati wa kufungua ukurasa ulifinywa na wanne kwa pamoja. Watoto wa leo wana kitabu kila mmoja, na bado wanakuambia wamekisahau nyumbani.

Mimi nilikuwa msomaji hodari. Mwalimu Nyaboke akisema, "Kemunto, tusomee," nilisimama nikasoma kama mtangazaji wa redio, bila kukwama popote. Tatizo ni kwamba sikuelewa nilichosoma. Nyumbani tulizungumza Ekegusii tangu kuamka hadi kulala. Kiswahili tulikiacha shuleni pamoja na chaki. Kwa hiyo kwenye maswali ya ufahamu darasa zima tulikuwa na ujanja wetu. Unachukua neno moja la swali, unalitafuta kwenye kifungu, kisha unanakili sentensi yote lilimo. Siku moja tuliulizwa kwa nini shamba la mzee lilisombwa na maji. Nikajibu, kwa mwandiko mzuri sana, kwamba shamba la mzee lilikuwa na mahindi mabichi ya kupendeza. Mwalimu Nyaboke alicheka hadi akavua miwani.

Muhula wa pili ulipoisha hakucheka tena. Alimwita mama akamwambia kwamba nisipopita ufahamu mwisho wa mwaka, nitarudia darasa la sita. Na darasa la tano alikuwemo mdogo wangu, Kwamboka! Nilimwona tayari amekaa nami dawati moja, akininong'onezea majibu. Nililia njia nzima ya kurudi nyumbani, na Kwamboka, shetani yule, akawa ananipanguza machozi huku akitabasamu.

Dawa ya Mwalimu ilitushangaza. Aliniazima kitabu chake mwenyewe akasema, "Soma, kifunge, kisha kamsimulie nyanya yako kwa Ekegusii." Shuleni ukikutwa ukisema Ekegusii ulivishwa kibao shingoni ukazunguka nacho siku nzima. "Nyumbani hakuna kibao," akasema, na kuendelea kusahihisha madaftari.

Magokoro, ndivyo tunavyomwita nyanya kwetu, hakuwahi kukaa darasani hata siku moja. Kila alasiri, mama akiwa bado kwenye majani chai, yeye alikaa barazani akichambua chinsaga, ile mboga yetu chungu, nami nikawa mbele yake kwenye kigoda. Nilidhani itakuwa kazi rahisi. Kumbe! Nikisema mtu alikata miti kando ya mto, Magokoro anataka kujua ilikuwa miti ya nani, alikata na nani, na mke wake alikuwa wapi asimkataze. Nisipojua, ananyoosha kidole mlangoni, nakimbilia kitabu. Wale watu wa kitabuni aliwapenda na kuwachukia kama majirani. Mmoja alimkasirisha hata akamtupia shina la mboga, likanipata mimi.

Siku moja nilichoka, mwisho wa hadithi sikuusoma. Nikatunga kwamba mtu aliyepotea msituni, mbwa wake ndiye aliyempata. Jumapili, baada ya ibada, Magokoro akawasimulia akina mama wenzake kwa madaha yake yote. Msichana wa darasa letu akadakia kwamba kitabuni hakuna mbwa. Mtu yule alifuata mto akafika nyumbani mwenyewe. Akina mama wakacheka. Magokoro naye akacheka kidogo, akajifunga leso yake vizuri, tukashuka kilima.

Sikupigwa. Natamani ningepigwa. Alikaa mahali pake akaniambia, "Kemunto, mimi siwezi kukisoma. Wewe ndiye macho yangu. Ukinidanganya, nitaangukia wapi?" Niliona aibu ambayo hadi leo nikiikumbuka masikio yanawaka. Tangu siku hiyo kila kifungu nilikisoma mara mbili.

Mtihani wa mwisho ulikuwa na habari ya mama mzee aliyekataa kuhamia mjini kwa mwanawe, ingawa kila mwezi mwana alimtuma dereva na gari zuri kumchukua. Kwa nini alikataa? Sababu haikuandikwa popote, na ujanja wetu wa kunakili ukagonga mwamba. Nilifikiria angeuliza nini Magokoro, kisha nikaandika: "Alitaka mwanawe aje mwenyewe."

Siku ya kufunga shule Mwalimu Nyaboke alisoma jibu hilo mbele ya wazazi, akasema ni mimi peke yangu niliyelipata. Kisha akamtazama Magokoro aliyekaa mstari wa mbele, akarudia yote kwa Ekegusii, mwalimu mkuu akiwa hapo hapo kando yake. Magokoro alisimama. "Hata mimi ningejibu hivyo," akasema, na wazazi wakapiga makofi hadi mbwa wa jirani wakabweka. Januari niliingia darasa la saba, kichwa juu.

Siku hizi naishi Kiogoro na nina binti mwenye vitabu rafu nzima. Nikimwambia anisimulie alichosoma, ananijibu, "Mami, si nikutumie tu muhtasari kwa simu?" Wenzake husoma kichwa cha habari tu na kuanza kugombana kwenye kikundi cha WhatsApp. Nawapenda, ni werevu kuliko sisi. Lakini sisi tulifundishwa ufahamu na wanawake wasiojua hata herufi moja, na hilo najivunia mbele ya mtu yeyote mwenye digrii. Nimesoma vitabu vingi tangu hapo, nikavielewa. Ila tangu tumzike Magokoro, nikimaliza kitabu kizuri nakaa nacho mkononi muda mrefu, sina wa kumpelekea.